Mjukuu wa Kangemi na Mbu wa Pwani



Wasomaji wetu watukufu, shule zimefunguliwa na hii ni wiki ya pili. Mabasi ya Mombasa yamekwisha kutushushia watoto River Road alfajiri, na treni imewashusha Syokimau, kila mmoja na kikapu chake cha kwa bibi: visheti, kachiri, achari ya maembe. Wamerudi Kangemi, Kawangware, Riruta na Uthiru, wamevaa masweta yao, na likizo imebaki kuwa hadithi. Ila sasa baadhi yao wameanza kushikwa na homa, na kila mwaka majira haya huwa hivyo hivyo. Sababu yake ni hesabu ya siku tu. Kimelea cha malaria, mbu akishakiingiza mwilini, hujificha kwanza katika ini, na aghalabu hupita siku 7 hadi 14, pengine zaidi, kabla homa haijapanda. Basi mbu huuma Msambweni na homa hupanda Kangemi, mbali na jicho la bibi ambaye angeitambua kabla ya daktari.

Ijumaa iliyopita, baada ya sala katika Msikiti wa Jamia, mzazi mmoja alitushika mkono ngazini, watu wakitafuta viatu vyao. Akasema: "Sheikh, mimi kwetu ni Msambweni. Nimelala bila chandarua mpaka nilipokuja mjini kutafuta kazi. Malaria niliugua utotoni, tukazoeana. Mwanangu ni damu yangu mwenyewe. Mbona yeye amekaa kwa bibi yake siku kumi tu, na amerudi kulazwa?" Tukamuuliza kisa chote. Mtoto ana miaka 11, kazaliwa Nairobi. Homa ilipoanza alipelekwa zahanati ya karibu na nyumbani, akatibiwa taifodi kwa siku tatu, kwa kuwa, waliambiwa, Nairobi hakuna malaria. Siku ya nne alianza kuweweseka, ndipo alipopimwa mahali pengine. Mtoto amepona, alhamdulillahi. Lakini swali la babake halikustahili jibu la ngazini, na tuliahidi kulijibu hapa, maana tunajua nyumba nyingi zinaliuliza.

Tuanze na hilo neno "damu yangu". Kinga dhidi ya malaria, ukiacha akiba ya miezi michache ambayo mtoto mchanga hupewa na mamake, hairithiwi. Husomwa. Mtoto wa mwanachuoni naye huanza na alifu kama mtoto wa mvuvi, na mwili wa mtoto nao huanza na alifu yake. Tena somo lenyewe ni refu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu malaria si ugonjwa wa kimelea kimoja chenye sura moja. Hapo ndipo penye fundo la maneno yetu ya leo.

Kimelea kinachoua watu wetu zaidi kinaitwa Plasmodium falciparum. Mwaka 2002 wataalamu walikamilisha kuusoma waraka wake wote wa urithi, yaani vinasaba vyake: herufi kama milioni 23, zimegawanywa katika kromosomu 14, na ndani yake jeni zaidi ya 5,000. Miongoni mwa jeni hizo zimo kama 60 ambazo kazi yao ni kushona vazi. Kimelea kikishaingia katika chembe nyekundu ya damu, hutandaza juu ya chembe hiyo protini inayokiwezesha kujishikiza katika kuta za mishipa, kisichukuliwe kupelekwa katika wengu kuharibiwa. Protini hiyo ndiyo vazi, na ndiyo hiyo hiyo ambayo kingamwili hulitambua na kulishambulia. Basi kimelea huvaa vazi moja kwa wakati mmoja. Likishatambuliwa, wachache waliokwisha badili vazi husalimika na kuzaana upya. Hayo ni mavazi 60 ya kimelea kimoja. Jirani yake ana mavazi 60 mengine, na ukizunguka kijiji kizima utayahesabu kwa maelfu.

Mtoto aliyekulia Msambweni au Kilifi, akiumwa na mbu mwaka baada ya mwaka, hukusanya kumbukumbu ya mavazi hayo moja moja. Akifika ujana ameyaona mengi kiasi kwamba kimelea kigeni kwake ni adimu. Jambo hili lilichunguzwa hapa hapa kwetu. Mwaka 1998 Peter Bull, Kevin Marsh na wenzao waliokuwa wakifanya utafiti Kilifi walichapisha matokeo ya kuwapima watoto wagonjwa: damu ya mtoto iliyochukuliwa kabla hajaugua ilipolinganishwa na vimelea vilivyokuja kumuangusha, ilionekana kwamba vimelea hivyo ni vile ambavyo kingamwili zake zilikuwa hazijavijua. Kwa lugha ya kawaida, kimelea kiliingia kupitia tundu lililokuwapo katika ukuta wake. Mtoto wa Kangemi hana matundu, hana ukuta.

Na baba naye asijidanganye. Somo lisiporudiwa husahaulika. Mtu aliyekaa Nairobi miaka kumi na tano pasi na kuumwa na mbu mwenye kimelea hubakiwa na kitu, lakini si kile alichoondoka nacho, wala vimelea alivyoviacha nyumbani havikumsubiri vikiwa vile vile.

Kuna neno jingine tunalisikia barazani ambalo tungependa liachwe. Wazee husema: "Sisi tulikua nayo, haikutufanya kitu." Wanaosimulia hivyo ni waliobaki. Kila mji wa pwani una makaburi mafupi, na aliyelazwa humo hakupata nafasi ya kuja barazani kusema ilimfanya nini.

Sasa msomaji atauliza, utofauti wote huu umetoka wapi? Tutumie mfano wa mambo tunayoyajua. Kabla ya mitambo ya chapa, tenzi zetu zilinakiliwa kwa mkono, Lamu, Pate, Siu na Mombasa. Kila mnakili, hata awe makini vipi, aliacha alama yake: nukta iliyohama, neno lililorukwa, ubeti uliopinduliwa. Atakayenakili kutoka nuskha hiyo hunakili na kosa lake. Ndiyo maana wanaozichunguza nuskha hizo leo huweza kusema, hii ni binti wa ile, na zile mbili zina mama mmoja ambaye amepotea. Kimelea cha malaria hunakili waraka wake kila kinapozaana, na ndani ya chembe za damu hurudia kazi hiyo takriban kila saa 48. Mgonjwa mmoja anaweza kubeba mabilioni ya vimelea. Kwa wingi huo, kosa ambalo hutokea mara moja katika milioni huwa ni jambo la kila siku.

Lakini kuna lililo kubwa kuliko makosa ya kunakili, nalo hufanyika tumboni mwa mbu. Ndani ya mwili wa mwanadamu vimelea hujigawa tu, mmoja akawa wengi. Kuoana kwao, maana wana dume na jike, hufanyika ndani ya mbu peke yake. Sehemu ambazo malaria ni nyingi, mtu mmoja huweza kubeba ukoo mbili, tatu au zaidi za vimelea kwa pamoja. Mbu akimnyonya, amezikaribisha koo zote katika harusi moja, na watoto wanaozaliwa humo huwa wamechanganya waraka za pande zote mbili. Pale ambapo malaria ni chache, kimelea hukosa mchumba wa mbali na huishia kuoana na pacha wake, na utofauti hupungua. Mbu huyu ametajwa kwa jina katika Suratul Baqara, na wako waliomdharau kwa udogo wake. Tumboni mwake mna kadhi, na mashahidi wamehudhuria.

Hili ndilo lililowapa tabu watengeneza chanjo. Chanjo ya kwanza ya malaria, RTS,S, ambayo Kenya ilianza kuitoa mwaka 2019 katika kaunti za ukanda wa Ziwa, ilitengenezwa kwa kufuata protini ya ukoo mmoja tu wa kimelea, ambao asili yake ni mgonjwa mmoja wa Uholanzi aliyekuwa akiishi karibu na uwanja wa ndege wa Schiphol na ambaye hakuwahi kutoka nchini mwake. Mbu alimfuata kwa ndege. Mwaka 2015 ulitoka uchunguzi wa watoto waliochanjwa wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17: katika mwaka wa kwanza, dhidi ya vimelea vilivyofanana na vile vya chanjo, kinga ilikuwa kama asilimia 50, dhidi ya visivyofanana, kama asilimia 33. Hatusemi chanjo ni bure. Theluthi ya watoto si haba, na mzazi anayepata nafasi asisite. Tunasema tu kwamba hata maabara kubwa za dunia zimekumbana na kile kile kilichomkumba yule mtoto wa miaka 11.

Ziko koo za pwani ambazo hujivunia kinga ya namna nyingine, ile ya seli mundu, na hapa yatupasa kusema pole pole, maana ni jambo lenye ukweli ndani yake. Aliyeligundua alikulia nchini mwetu. Anthony Allison, mwana wa walowezi wa Gilgil, alichukua damu za watu wa Kenya mwaka 1949 akaona ajabu: alama ya seli mundu ilikuwa nyingi kwa watu wa pwani na wa kando ya Ziwa Victoria, nayo nadra kwa watu wa nyanda za juu. Ramani hiyo ilikuwa ni ramani ya malaria. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba mtu aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu hulindwa na malaria. Aliyeirithi kwa wazazi wote wawili ni mgonjwa wa seli mundu, na kwake yeye malaria ni hatari zaidi. Wapo wazazi wanaochanganya mambo haya mawili na kumpeleka mtoto mgonjwa wa seli mundu pwani pasi na dawa ya kumkinga, wakidhani ugonjwa wake ni ngao. Ni kosa kubwa, na tunawaomba wauguzi wanaotusoma walirudie neno hili kila wapatapo nafasi.

Na hata ile ngao ya kweli, ya aliyerithi upande mmoja, vimelea vimeanza kuijulia. Utafiti uliotolewa mwishoni mwa mwaka 2021, uliowahusisha watoto zaidi ya 3,000 wa Gambia na wa Kilifi waliougua malaria kali, ulilinganisha vinasaba vya watoto na vinasaba vya vimelea vilivyowaumiza. Zikapatikana sehemu tatu katika waraka wa kimelea ambazo, vikiwa na mabadiliko fulani, vimelea humuingia mwenye seli mundu ya upande mmoja karibu kama mtu mwingine yeyote. Ngao ni ile ile ya mababu, ila aliye upande wa pili amebadili mkuki.

Tumeyasema ya kimelea. Mbu naye ana yake, na kwa msomaji wa pwani ndiyo matamu zaidi.

Zamani ilidhaniwa kwamba mbu aenezaye malaria kwetu, Anopheles gambiae, ni mmoja. Katika miaka ya 1960 ikathibitika kwamba wale waliofanana kama mapacha ni aina mbalimbali: ukiwachanganya, watoto wao wa kiume huwa tasa. Mmoja wao huzaliana katika maji ya chumvi, kwenye madimbwi ya nyuma ya mikoko, mahali ambapo mbu wa bara asingethubutu kutaga. Mwaka 2017 jopo la watafiti wa mataifa mengi lilichapisha usomaji wa vinasaba vya mbu 765 kutoka nchi nane za Afrika, nao wa Kilifi wakiwemo. Walikuta zaidi ya sehemu milioni 50 ambapo mbu mmoja hutofautiana na mwenzake. Kwa wastani, kila baada ya herufi mbili au tatu pana tofauti. Ni wachache sana kati ya wanyama waliochunguzwa walio na utajiri kama huo. Lakini mbu wa Kilifi walikuwa kinyume cha wenzao. Vinasaba vyao vilionesha vipande virefu vilivyofanana pande zote mbili, kama ukoo ambao kwa vizazi kadhaa umeoana mabinamu kwa mabinamu. (Tusichekane, kila mtu anawajua wajomba zake.) Hiyo ni dalili kwamba idadi yao ilikuwa imeporomoka, na moja ya sababu zinazotajwa ni vyandarua. Miaka ya karibuni aina mojawapo ya mbu wa mwambao huu, wa Tanzania na wa Kilifi, imepewa na wataalamu jina la Pwani. Tumeingia katika vitabu vya sayansi kwa jina letu, ingawa si kwa namna ambayo tungeichagua.

Kuporomoka kwa mbu wa Kilifi kulikuwa na faida iliyoonekana kwa macho. Katika muongo wa kwanza wa karne hii watoto waliolazwa kwa malaria katika hospitali ya Kilifi walipungua mno. Lakini pamoja na hilo likaonekana jingine: wastani wa umri wa waliolazwa ulipanda. Walikuwa wanaugua wakubwa, kwa kuwa hawakulisoma somo wakiwa wadogo. Kwa hiyo mtoto wa Kangemi si peke yake. Hata binamu yake wa Kilifi, kwa kadiri malaria inavyopungua, anaanza kufanana naye. Hii si sababu ya kutaka malaria irudi, kama tulivyowahi kumsikia mtu akisema. Ni sababu ya kutolegea.

Na Nairobi? Mji huu una karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na vitongoji vya magharibi, ukifuata Waiyaki Way, huzidi kupanda. Kinachotulinda ni baridi. Mbu wa anofelesi wapo, na mji huu ulipokuwa mchanga, na vinamasi vyake vilivyo kando ya reli, uliijua malaria vizuri. Ila ndani ya mbu kimelea huhitaji joto ili kikomae. Chini ya nyuzi 18 hivi hukwama, na kwenye nyuzi 20 huchukua majuma kadhaa, muda ambao mbu wengi huwa wamekwisha kufa. Ndiyo kusema Nairobi hukaribisha vimelea vya kila upande, lakini harusi haifanyiki. Watafiti walipochunguza mwendo wa simu za Wakenya karibu milioni 15, za kati ya mwaka 2008 na 2009, na kuulinganisha na ramani ya malaria, katika kazi waliyoichapisha mwaka 2012, waliona kwamba vimelea husafiri ndani ya watu kutoka maeneo ya Ziwa na kwingineko, na Nairobi ni miongoni mwa vituo vyake vikubwa vya kushukia. Katika zahanati moja ya Kawangware, asubuhi moja, anaweza kuketi benchini mtoto mwenye kimelea cha Busia kando ya mwenye kimelea cha Kwale. Vyote havina shina hapa. Daktari anayesema Nairobi hakuna malaria anasema kweli juu ya mbu na anakosea juu ya mgonjwa.

Baridi hiyo tusiitegemee kupita kiasi, kwa ajili ya mgeni mmoja. Anaitwa Anopheles stephensi, kwao ni bara Hindi na Bara Arabu, na tabia yake ni ya mjini: hutaga katika matangi, mapipa, visima na birika. Babu zetu waliosafiri Bombay na bandari za Ghuba bila shaka walimlisha damu yao. Mwaka 2012 alionekana Djibouti, kisha Ethiopia. Mwaka 2022 mji wa Dire Dawa ulipatwa na mlipuko wa malaria uliohusishwa naye. Na Februari 2023 KEMRI ilitangaza kwamba amepatikana katika kaunti ya Marsabit, sehemu za Laisamis na Saku. Alitambuliwa kwa vinasaba, kwani kwa macho ni rahisi kumdhania wa kwetu. Barabara ya lami inatoka Moyale, inapita Marsabit na Laisamis, inakuja hadi Nairobi. Na Nairobi, kwa mgao wa maji tulionao, kila ploti ina tangi jeusi juu na mitungi na mapipa chini. Wazee wa Lamu walifuga visamaki ndani ya birika ili vile viluwiluwi vya mbu. Sisi wa ghorofani hatuna haja ya samaki. Mfuniko unaofunga sawasawa unatosha. Lakini nenda kaangalie la kwako kama linao.

Limebaki la dawa, na hapa tutapita haraka. Walio na umri wetu wanaikumbuka klorokwini na mwasho wake. Usugu dhidi yake ulizaliwa Asia ya Kusini Mashariki na kufika Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970. Tunajua hivyo kwa sababu ya yale makosa ya wanakili, ambayo vimelea vya kwetu vilikutwa navyo herufi kwa herufi. Kenya iliiacha mwaka 1998 ikashika Fansidar, nayo ikachakaa upesi, na tangu mwaka 2006 tunatumia dawa mseto. Safari hii usugu haukuhitaji kupanda jahazi. Mwaka 2020 ulithibitishwa Rwanda, mwaka 2021 Uganda, vimelea vya hapa hapa vikiwa vimejibadili vyenyewe hata artemisinini huvisafisha polepole. Ndiyo maana tunachukizwa na ile desturi ya kumpa mtoto vidonge vya siku mbili na kuweka vya siku ya tatu kabatini kwa ajili ya ndugu yake. Dozi ni mara sita kwa siku tatu, pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, hata kama homa imeshuka siku ya kwanza. Vimelea vinavyosalia baada ya dozi ya nusu si vile dhaifu.

Basi kwa nyumba zenye watoto waliorudi karibuni. Homa yoyote ndani ya miezi mitatu baada ya safari, mtoto apimwe malaria siku hiyo hiyo, na neno la kwanza kumwambia muuguzi liwe ni mahali alikotoka na tarehe aliyorudi, kabla ya kueleza kikohozi au tumbo. Muuguzi asipouliza, sema wewe. Kwa wanaopanga safari ya Desemba, ambayo huangukia baada ya mvua za vuli, muoneni daktari mapema juu ya dawa ya kinga, hasa kwa watoto, wajawazito na wagonjwa wa seli mundu, na neti mwende nayo. Ya kwa bibi huenda analalia yeye.

Na juu ya kipimo chenyewe. Kile cha haraka, cha tone la damu kwenye kijiti, hutafuta protini moja ya kimelea. Eritrea na nchi jirani zake zimekutwa na vimelea vilivyopoteza jeni ya protini hiyo, kiasi kwamba kipimo husema hapana ilhali mtu anaumwa, na Eritrea ililazimika kubadilisha vipimo vyake. Kwa hiyo kijiti kikisema hapana na homa ikaendelea, ombeni damu itazamwe kwa hadubini, na ikibidi itazamwe tena kesho yake.